Rodah Alipoosha Injini

Ukiambiwa Rodah alikuwa mwanamke msafi, jua umefichwa nusu ya habari. Alifagia uwanja wake mara mbili kabla ya chai ya asubuhi, na kuku wa boma hilo, hapo juu ya soko la Roret, walikuwa wamejifunza kupita pembeni. Kwa hiyo Agosti ile ya mwaka wa tisini na nne, kiwanda cha chai kilipotangaza kwamba kitakodisha malori ya watu binafsi kubeba majani kutoka vituoni, na kwamba kila lori litakaguliwa Jumamosi na hata kunuswa, kwa sababu majani chai hushika harufu upesi, Rodah hakuona shida. Afisa alete pua yake tu.

Lori lilikuwa la marehemu mumewe, Nicholas. Lilikuwa la kijani, la petroli, lenye silinda sita, na lilimzidi umri binti yao Fancy kwa miaka saba. Nicholas aliliendesha mpaka miguu yake ikaanza kufa ganzi, na aliposhindwa kabisa kubonyeza klachi, alimweka mkewe kwenye usukani, yeye akaketi kando. Gia za lori hilo ni za kizamani. Zinataka klachi ibonyezwe mara mbili, na katikati ya hizo mara mbili lazima uisikilize injini ikishuka, uingize gia pale pale inapotaka, la sivyo vyuma vinasagana mpaka mtaa wa pili. Nicholas alikuwa akifumba macho na kusikiliza, kisha anasema neno moja, "Sasa," na Rodah anaingiza. Walienda hivyo miaka miwili, mpaka Rodah akapata leseni huko Kericho. Kisha Nicholas akafa, na ndani ya lori pakawa kimya.

Kiplimo, mdogo wake Nicholas, alikuwa na maoni yake kuhusu mjane na lori. Alisema lori ni la ukoo, na kwamba chuma kilichozeeka hivyo heri kiuzwe. Tayari alikuwa amezungumza na Zacheus, mnunuzi wa vyuma vikuukuu wa Litein. Jumapili baada ya kanisa walikubaliana mbele ya wazee: lori likipita ukaguzi, linabaki kwa Rodah, yeye na ufunguo wake. Lisipopita, linauzwa kwa kilo.

Jumatano Rodah akajifunga leso kiunoni na kuanza. Aliosha bodi, akaosha kebini, akaosha magurudumu mpaka ndani ya nati. Kisha akafungua boneti, akasimama akitazama injini kwa muda. Nicholas hakuwahi kuosha injini. Alisema injini haioshwi, na kila Rodah alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba haioshwi tu. Jibu hilo lilikuwa limemkera Rodah kwa miaka kumi na minane. Alipenda kujua mambo, na hakuwahi kukatazwa kitu bila sababu akaridhika.

Basi akaosha. Kila kilichofunguka bila spana alikifungua, akakinusa, akakisafisha, akakirudisha mahali pake. Kile kifuniko cheusi cha distributa, chenye nyaya saba nene zinazochomoza juu yake kama chuchu za ng'ombe aliyezidishiwa, kilitoa uvundo wa samaki alipokifungua, akakisafisha kama anavyosafisha chombo chochote cha nyumbani mwake kinachonuka. Jioni injini iling'aa hata Fancy, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea kule Longisa na amekuja nyumbani kwa likizo, akasema angeweza kuandalia wageni juu yake.

Alhamisi asubuhi Rodah akawasha. Injini iliwaka, lakini ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Ilikohoa, ikakwama, ikashtuka, kisha ikapasua mlio kwenye ekzosi uliowatoa kuku wote uwanjani. Akaizima, akangoja jua likaushe kila kitu, akawasha tena saa sita na tena saa kumi. Hali ilikuwa ile ile.

Kiplimo alikuwa ameusikia ule mlio kutoka ng'ambo ya bonde. Alifika hata kabla chai haijachemka.

"Shemeji, mimi nitasema wazi," alisema akizunguka lori. "Kama hii gari imezeeka tu, Zacheus ataikata. Lakini ikionekana ni wewe umeiharibu na hii kuosha yako, basi hata ikipona ufunguo unakuja kwangu. Mtu hawezi pewa kitu ya ukoo akiharibu."

"Sijaharibu," Rodah akasema. "Nimesafisha tu. Na kama ni mimi, utapewa."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hakika. Usiku huo hakika ilipungua kidogo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ijumaa asubuhi akaja Kebaso, fundi wa Litein, Mkisii mrefu ambaye maneno yake yalikuwa machache na bisibisi yake ndefu kuliko kawaida. Aliigusisha ncha ya bisibisi hiyo kwenye injini na mpini wake sikioni, akasikiliza huku na huku kama daktari. Rodah alimfuata hatua kwa hatua. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, maana alikuwa ametoka kuandaa vibuyu vya mursik, maziwa yao ya kugandisha, akaificha nyuma kwa aibu ya mwenye nyumba aliyekutwa kazini.

"Mama Fancy, nieleze pole pole. Uliosha na nini?"

"Maji na sabuni."

"Ulimwaga maji hapa juu?"

"Nilipangusa na kitambaa. Mimi si mjinga, fundi. Stima na maji haziskizani, hiyo najua."

"Na hii kepi, hiki kifuniko cha distributa, uliifungua?"

"Niliifungua, nikaisafisha vizuri, nikairudisha. Waya sikutoa hata moja."

Kebaso akaibandua kepi, akaichungulia kwenye mwanga. Ndani ilikuwa kavu, nyeusi, inang'aa, bila ufa wowote. Akapitisha kidole ndani, akakitazama. Vidole vyake vilikuwa vyeusi tangu alipojifunza kazi, kwa hiyo havikuweza kumwambia kitu. "Safi kuliko ya gari yangu," akasema, akairudisha.

Kisha akaanza kuchomoa nyaya za plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma. Rodah alitaka kujua anatafuta nini.

"Nikitoa waya na injini isikie uchungu, hiyo silinda inafanya kazi. Nikitoa na injini isijali, hiyo imelala."

Rodah aliupenda uchunguzi huo, na mara wakawa wanasikiliza pamoja. Ya kwanza ilisikia uchungu. Ya pili pia. Ya tatu haikujali, na ya sita vilevile. Kebaso akazifungua plagi zilizolala na zile zilizo macho, akazibadilisha mahali, akawasha. Ya tatu na ya sita zikaendelea kulala, ingawa zilikuwa na plagi ambazo dakika tano zilizopita zilikuwa nzima.

"Kwa hivyo si plagi," Rodah akasema.

"Si plagi." Kebaso alimtazama mara ya pili, kwa heshima kidogo. "Inaweza kuwa waya inavuja. Lakini mchana hivi cheche hauoni. Lete blanketi."

Ndivyo Kiplimo alivyowakuta alipoingia uwanjani na Zacheus: lori linaunguruma na kukohoa, boneti wazi, blanketi kubwa la milia limefunika injini, na chini ya blanketi hilo kumetokeza miguu minne, miwili ya fundi na miwili ya shemeji yake. Fancy alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba, amejiziba mdomo.

"Hii ni nini tena?" Kiplimo akauliza. "Mnasali?"

"Nyamaza, Kiplimo," sauti ya Rodah ikatoka blanketini. "Tunaangalia giza."

Giza halikuwa na kitu. Hapakuwa na cheche hata moja iliyoruka kutoka kwenye waya wowote, na Rodah alipotoka nje, nywele zimemsimama na leso imelegea, alikuwa na huzuni ya mtu aliyeahidiwa kuonyeshwa kitu asionyeshwe. Kebaso akaosha kabureta pia, akawasha. Lori likakohoa. Akafuta mikono taratibu, na kila aliyekuwa hapo akaelewa ufutaji huo.

"Plagi ni nzima, waya ni nzima, kabureta imekubali. Imebaki valvu. Na valvu ni kufungua injini yote. Hata wiki."

"Na ukaguzi ni kesho," akasema Kiplimo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma tarehe kwenye kalenda.

Zacheus alikuwa mzee mpole, tena mwenye haya. Alimpa Rodah pole, akaomba ruhusa, kisha akatoa chaki mfukoni na kuanza kuchora mistari ubavuni mwa lori, akionyesha mahali pa kukata. Mstari mweupe ulipita juu ya mlango wa abiria, mlango ule ambao Nicholas alikuwa akiuegemea. Rodah akaona machozi yanamjia, akageuka akaingia jikoni kama mtu aliyekumbuka chungu.

Alitoka na chai ya fundi, na bilauri ya mursik ikiwa ataitaka. Kebaso alichukua chai. Alisema tumbo lake la Kisii halijazoea maziwa ya rangi ya mvua. Kepi ya distributa, ambayo fundi alikuwa ameitoa tena, ilikuwa kwenye gunia pamoja na vifaa vingine, nyaya zake zimeachana na plagi, na Rodah, kwa kuwa hakuwa na la kufanya na mikono yake, aliiokota akaigeuza. Katikati, kwa ndani, palikuwa na kitufe cheusi kidogo kilichosimama juu ya springi.

"Fundi, hii kitu ya katikati ni nini? Juzi niliogopa kuikwaruza."

"Hiyo ni kaa. Stima inaingia hapo, inapita kwa rota, ile inazunguka chini yake, halafu inagawanywa kwa silinda."

"Kaa? Kama makaa?"

"Si ushawahi pasua betri ya redio? Ile kijiti nyeusi ndani. Ni kitu moja."

"Na kwa nini wakaweka kaa, wasiweke chuma?"

"Kaa ni laini, haili rota. Na stima inapita kwa kaa bila shida."

Rodah akaigeuza kepi tena. "Kaa yoyote?"

"Ikiwa imeiva vizuri," Kebaso akasema, akipuliza chai yake, "stima yenye nguvu kama hii inatembea juu yake kama barabara ya lami."

Hapo Rodah akaacha kuigeuza kepi. Alitazama mikono yake, myeusi mpaka kwenye viwiko. Kibuyu kikinuka hukisugui kwa maji peke yake. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiive, unakisaga ndani kwa ufagio wa mnazi pori, unazungusha mpaka kibuyu kiwe cheusi na kinukie vizuri, kisha unakung'uta. Mama yake alifanya hivyo, na nyanya yake. Si jambo la kutaja. Mtu akikuuliza umesafisha na nini, unasema maji na sabuni, kama ambavyo hutaji kwamba ulitumia mikono. Na Jumatano, kifuniko kile kilipomnukia samaki, alikisugua vilevile, unga wa mkaa kila pembe, akakung'uta, kikang'aa. Alikuwa amejipongeza.

Akageukia upande, akapitisha ncha ya leso ndani ya kepi. Leso ikatoka nyeusi. Akasugua tena, kwa nguvu. Lakini chini ya ule weusi palikuwa na vistari vyembamba kama unywele, vimechimbika kutoka chuma kimoja hadi kingine, na hivyo havikutoka kwa leso wala kwa ukucha. Kuvitoa kulihitaji fundi.

Akinyamaza, Zacheus angekata. Akisema, lori lingepona, na ufunguo ungekwenda kwa Kiplimo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyetamka mbele yake, kama ni mimi, utapewa. Alitafuta njia ya tatu kwa muda wote ambao Kebaso alichukua kumaliza chai, asiipate. Chaki ya Zacheus ilikuwa imefika upande wa usukani.

"Fundi," akasema, na sauti yake ilimshangaza kwa utulivu wake, "mimi nilipaka hii kitu makaa."

Wote wakamtazama.

"Ya kibuyu. Ndani, kila mahali. Ilikuwa inanuka."

Kiplimo alielewa wa kwanza, maana yeye pia alikua kwa maziwa hayo. Akafungua mdomo, akaufunga, kisha akacheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi. "Umetengenezea lori mursik," akasema akipangusa macho. "Shemeji, umetengenezea lori mursik."

Kebaso yeye hakucheka. Alikuwa ameshanyakua kepi, ameisogeza karibu na pua yake, anaigeuzageuza juani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata alichopoteza. "Nilikuwa naangalia nyeusi juu ya nyeusi," akasema. "Moto unataka kwenda ya tatu, unaona barabara ya makaa, unakimbilia ya sita. Zote mbili zinakosa. Na kila ukiwasha, unachimba barabara zaidi. Mama, hii hata mwalimu wangu hajawahi ona."

Aliiosha kepi na rota kwa petroli mara tatu, akakausha, akavikwangua vile vistari kwa ncha ya wembe. Kisha akauliza kama kuna rangi ya kucha nyumbani.

"Iko nyekundu tu," Fancy akasema.

"Hata kama ni nyekundu. Nataka kuziba pale nimekwangua, moto usirudi."

Wakangoja ikauke, watu wazima watano wamezunguka kifuniko chenye rangi nyekundu ya kucha. Kebaso akairudisha, akampa Rodah ishara. Rodah akawasha.

Lori likaamka kwa sauti yake ya zamani, nzito na sawasawa, bila kikohozi hata kimoja. Rodah aliisikia kwenye kiti, kwenye usukani, kwenye nyayo zake. Alifurahi kwa muda mfupi tu, kama anayefurahia mtoto aliyepona ambaye anaondoka.

Zacheus akavua kofia yake. "Hii siwezi kata," akasema. "Nikikata gari inaimba hivi, nitaulizwa na Mungu." Akaanza kuifuta chaki yake kwa mkono wa koti.

Kiplimo alikuwa amesimama, ameacha kucheka. Alinyoosha mkono bila kumtazama Rodah machoni. Labda aliona haya, lakini neno ni neno, na ni Rodah aliyelisema. Rodah akazima injini, akashuka, akamwekea ufunguo kiganjani. Fancy alitaka kusema kitu, mama yake akamkata kwa jicho.

Kiplimo akapanda. Alikuwa amewahi kuendesha pikapu ya kanisa na trekta ya jirani, na alikaa pale kama anayejua. Lori likatoka getini vizuri, likaanza kukipanda kile kilima cha kuelekea barabara ya murramu, kati ya chai na chai. Kisha ukasikika mlio wa gia zikisagana, mbaya kabisa. Ukasikika tena. Wachumaji waliokuwa shambani wakanyooka na vikapu vyao mgongoni, wakaangalia. Injini ikaguna, ikazimika, na lori likarudi nyuma taratibu, kwa heshima zake zote, likaegesha makalio kwenye michai ya jirani.

Hapo uwanjani hakuna aliyesogea. Baada ya dakika chache Kiplimo akaonekana akirudi kwa miguu, tope kwenye viatu, ufunguo mkononi. Alimfikia Rodah, akausimamisha ule ufunguo kati yao.

"Shemeji, hiyo kitu inabonyezwa aje?"

"Mara mbili."

"Nimebonyeza hata mara kumi."

"Katikati unasikiliza."

Kiplimo aliangalia chini. "Mimi sisikii kitu," akasema, na akauacha ufunguo mkononi mwa Rodah.

Kuhusu ukaguzi wa Jumamosi sina la kusimulia. Afisa alinusa bodi, akanusa kebini, akanusa tena kwa kutoamini, akaandika jina la Rodah. Lakini Ijumaa hiyo lori lilikuwa bado limekalia michai ya watu, na ilibidi litolewe. Rodah alipanda. Kiplimo akazunguka, akapanda upande wa pili, akauegemea mlango wenye mabaki ya chaki.

Lori likatoka kwenye michai kwa gia ya kwanza, likashika kilima. Rodah akabonyeza, akaachia, akasikiliza injini ikishuka, na mdomo wake ukasema wenyewe, kwa sauti ndogo, "Sasa." Gia ikaingia bila mlio.

Kiplimo akamgeukia. "Ni yeye alikuwa anasema hivyo?"

"Ni yeye."

Kiplimo akarudisha macho barabarani. Waliipita kona ya kwanza, na kilima kilipopungua na injini kuanza kuomba gia ya tatu, Rodah akamwona kwa pembe ya jicho amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo, vilevile kama kaka yake. Rodah akabonyeza klachi.

"Sasa," Kiplimo akasema.

Alikuwa amewahi mno. Rodah akangoja kidogo, kisha akaingiza.